Long track: hizi pikipiki hazina breki kweli?

Mtoto wa Nkuhungu: Wakuu, jana kijiweni dogo katuonyesha klipu ya long track (mbio za pikipiki kwenye uwanja mrefu wa mviringo) huko Ujerumani, jamaa wanalaza pikipiki kwenye kona vumbi linatimka kama barabara ya Bahi kiangazi, eti breki hazina! Kweli? Na bingwa anapatikanaje?

Fundi Majengo: Kweli mkuu. Injini cc 500, inakunywa methanoli (aina ya pombe) badala ya petroli, gia mbili, breki hamna kabisa. Wanazunguka kushoto tu na mguu wa kushoto wanauburuza chini kwenye kona, ndo maana buti la kushoto lina chuma chini.

Mzee wa Vumbi: Zamani fainali ya ubingwa wa dunia ilikuwa siku moja, tangu 1997 ni raundi kadhaa wanajumlisha pointi. Mjerumani Gerd Riss kabeba ubingwa huo mara 8, huyo ni balaa. 2022 kachukua Mfaransa, Mathieu Trésarrieu.

Mtoto wa Nkuhungu: Aisee, mi na abiria wa Area C siwezi 😂