Uimarishaji hasi SIO adhabu! Nimepewa sifuri kwa kuandika ukweli

Wakuu habari za jioni. Niko chuo kimoja cha ualimu hapa Tabora, sitakitaja, ila leo roho inaniuma kwelikweli.

Testi ya saikolojia ya elimu, swali linasema toa mfano wa uimarishaji hasi. Nikaandika kichwa kinakuuma, unameza Panadol, maumivu yanakata, basi siku nyingine kikianza tu unaikimbilia. Sifuri! Pembeni mkufunzi kaandika kwa wino mwekundu "mwanafunzi kuchapwa fimbo". Waliokariri desa lake (notsi zake) wamepata, mi niliyeenda kusoma nimeambulia sapu, yani mtihani wa marudio.

Jamani fimbo ni ADHABU. Skinner mwenyewe, yule mwanasaikolojia wa nadharia hii, alivitenganisha, kuimarisha iwe chanya iwe hasi maana yake tabia inaongezeka, inaitwa hasi kwa sababu kuna kero imeondolewa, basi. Panya yuko kwenye boksi anapigwa shoti, akibonyeza kile kidude shoti inakatika, kwahiyo mara nyingine anabonyeza haraka. Adhabu lengo lake ni kupunguza tabia. Sasa hapo kigumu nini?

Nikamfuata ofisini kwa adabu zote, shikamoo mwalimu, nikamfungulia na kitabu, hata hakukitazama, ananiambia "usinifundishe kazi".

Na hilo desa tunalinunua kwa hela zetu pale steshenari, fotokopi ya fotokopi, maneno mengine hayasomeki. Eti Pavlov, yule mtafiti Mrusi, alipewa Nobel kwa kuzoesha mbwa watoe mate wakisikia kengele, wakati ile ya 1904 alipewa kwa kazi yake ya mmeng'enyo wa chakula. Eti kwenye jaribio la utii la Milgram, ambapo mtu aliagizwa ampige shoti "mwanafunzi" kila akikosea jibu, watu walipigwa shoti kweli, wakati yule "mwanafunzi" alikuwa anaigiza na shoti haikumfika hata moja, kinachotisha ni kwamba watu 26 kati ya 40 walibonyeza mpaka volti 450 wakiamini wanamuumiza mwenzao kisa tu wameambiwa waendelee.

Hayo ningemeza. La fimbo simezi, kwa sababu sisi ndo tunaenda kukaa na watoto wa watu. BTP, yani mazoezi ya kufundisha, nilikuwa shule moja ya msingi huko Uyui, kuna dogo wa la tatu anatoka mbali kwa miguu, kila akichelewa anachapwa getini. Baada ya wiki mbili hakuchelewa tena, akawa haji KABISA. Akibaki nyumbani fimbo haimpati, utoro unakomaa. Yani uimarishaji hasi ulikuwa pale pale mbele yetu, unaimarisha utoro, na walimu wanasema mtoto mkaidi. Mpaka leo namfikiria yule mtoto.

Sapu ni Jumatatu na swali najua litarudi lile lile. Wenzangu hosteli wananiambia andika fimbo upite, yaishe. Siandiki. Mwenye kujua utaratibu wa kuomba pepa isahihishwe na mtu mwingine naomba anielekeze hapa hapa, muda umeisha.