Kibali cha mazishi, tangazo la kifo na cheti cha kifo, ipi ni ipi?

Mwana Kilosa
Habari za jioni wakuu. Mzee wetu alifariki mwezi uliopita kule kijijini, alikuwa mwalimu mstaafu, alilazwa hospitali ya wilaya akaruhusiwa, akakaa nyumbani kama wiki hivi ndo akatutoka usiku. Tumeshazika, tumeshamaliza matanga, sasa tumeingia kwenye mambo ya benki na mafao na kiwanja chake, na kila ofisi tunayoingia wanatuambia leteni cheti cha kifo. Mkononi nina karatasi tatu: ya kwanza ni ya hospitali ile ya kuruhusiwa, ina mhuri na ugonjwa umeandikwa, ya pili ni kibali cha kuzikia, ya tatu juu imeandikwa tangazo la kifo, hizi mbili za mwisho alitupa mtendaji wa kijiji. Kaka mkubwa anasema hiyo ya tatu ndo cheti chenyewe, baba mdogo anasema hapana, turudi hospitali daktari atuandikie. Benki wamezikataa zote. Naombeni anayejua vizuri anieleweshe kila karatasi kazi yake nini. Halafu kwenye sababu ya kifo mtendaji kaandika "presha na kuishiwa nguvu", hiyo haitakuja kutusumbua?

Karani Mstaafu
Pole sana mkuu, Mungu amlaze mzee mahali pema. Watu wengi wanakwama hapo hapo ulipokwama wewe kwa sababu hizi karatasi zinatolewa siku za msiba, kichwa hakijatulia, mtu anapokea tu anaweka kwenye mfuko.

Kibali cha mazishi kinaruhusu mwili uzikwe basi, ukishazika kazi yake imekwisha, kitunze tu maana siku nyingine wanaweza kukuuliza ushahidi kwamba alizikwa wapi. Ile ya kuruhusiwa hospitali inaonyesha alitibiwa nini na alitoka lini akiwa hai, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha kifo hata ikiwa na mihuri kumi. Tangazo la kifo ndo taarifa rasmi kwamba fulani amefariki, tarehe fulani, mahali fulani. Aliyefia hospitali linatoka hospitali, aliyefia nyumbani linapitia kwa mtendaji kama mlivyofanya. Hilo msilipoteze kabisa, ila bado siyo cheti. Unalipeleka kwa msajili wa wilaya, ofisi ziko pale kwa Mkuu wa Wilaya, au unaomba kwa mfumo wa onlaini wa RITA, wakala wa serikali ya Tanzania wa kusajili vizazi na vifo, ndo taarifa zinaingia kwenye daftari la vifo na unapewa cheti. Benki na mahakama wanataka kitu kilichotoka kwenye daftari.

Baba mdogo mwambieni kwa heshima kwamba daktari hatoi cheti cha kifo. Daktari anathibitisha kifo na kuandika sababu, anayesajili ni msajili. Na mzee hakufia mikononi mwa hospitali kwa hiyo hata mkirudi pale hawana cha kuwaandikia.

Fanyeni haraka, kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, zikipita bado kinasajiliwa ila ada inaongezeka na maswali yanakuwa mengi. Beba tangazo, kitambulisho cha marehemu chochote mlichonacho (cha taifa cha NIDA, kadi ya kura) na cha kwako wewe muombaji.

Nesi wa Zamu
Poleni sana. Mimi niongelee hilo la sababu ya kifo maana ndo eneo letu, na huwa linaniuma nikiona linavyochukuliwa kirahisi.

Mtu akifia wodini daktari anajaza fomu ya sababu za kifo iliyotengenezwa kwa muundo wa Shirika la Afya Duniani. Ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mistari a, b, c, d, unaanza juu na kile kilichomuua moja kwa moja halafu unashuka kuuliza hiki kililetwa na nini, mpaka ufike chini kwenye chanzo. Chukua mtu alilazwa na kiharusi akapata nimonia akafariki. Mstari a ni nimonia, b ni kiharusi, c ni presha ya muda mrefu iliyoleta hicho kiharusi. Pembeni ya kila mstari unaandika ilidumu muda gani, nimonia siku nne, kiharusi wiki tatu, presha miaka kumi na mbili. Sehemu ya pili ni magonjwa yaliyochangia ila hayamo kwenye huo mnyororo, labda alikuwa na kisukari. Kwa mtu huyo takwimu za taifa hazihesabu nimonia ya juu, zinatafuta chanzo kilichoanzisha mnyororo, ingawa ndugu wote wanakumbuka nimonia tu. Na ndo maana tunakatazwa kuandika "moyo ulisimama" peke yake, kila anayekufa moyo husimama, hiyo haimwambii mtu yeyote kitu.

Sasa aliyefia nyumbani hiyo fomu hana. Mtendaji anaandika kile mlichomweleza nyie ndugu, kwa hiyo "presha na kuishiwa nguvu" ni maelezo yenu, siyo majibu ya kipimo. Kwa benki na mirathi mara nyingi haina shida, wao wanachotafuta ni kwamba amefariki na ni yeye. Ila ambatanisheni ile karatasi ya kuruhusiwa, maana ina ugonjwa ulioandikwa na daktari, msajili akiona inalingana inasaidia. Kwenye maeneo ya utafiti kama Ifakara na Rufiji walikuwa wanarudi kabisa kwa familia na dodoso refu, alianza kuumwa lini, alikohoa, alivimba miguu, halafu madaktari wanasoma majibu wanakadiria sababu. Huko vijijini kwingine hilo halifanyiki na vifo vingi vya nyumbani vinabaki na "homa" au "uzee".

Kitu kingine, kama mtu amekufa kwa ajali au kwa mazingira yasiyoeleweka hapo polisi wanaingia na mwili unaweza kufanyiwa uchunguzi. Ripoti ya uchunguzi ni karatasi nyingine tena na haichukui nafasi ya cheti.

Mama Leicester
Pole ndugu yangu. Naomba nidandie uzi huu maana mwaka jana tulifiwa na shemeji huku Uingereza na familia ya Tanga walikuwa wananiuliza kila siku "mbona cheti hakitoki". Kifo chake kilikuwa cha ghafla kikaenda kwa koroneri, ni afisa anayechunguza vifo vya namna hiyo. Uchunguzi ukiendelea cheti kamili hakitoki mpaka amalize, lakini koroneri anaweza kukupa cheti cha muda kinachosema tu kwamba huyu mtu amefariki, sababu inaweza ikawa bado haijaandikwa. Kwa benki za huku kinafaa kuanzia. Familia Tanga waliona kile cha muda hakina sababu ya kifo wakadhani tunawaficha kitu, yaani ilileta maneno mabaya sana, ndo maana naandika hapa mtu mwingine asipitie hayo. Kile kamili kina tarehe na mahali alipofia, alipozaliwa, kazi yake, anwani, nani alitoa taarifa, na sababu kwa mistari ile ile a, b, c aliyosema nesi.

Kijana wa Tampa
Huku Marekani kila jimbo lina utaratibu wake. Florida unachagua kabisa, kopi yenye sababu ya kifo au isiyo nayo. Isiyo na sababu mtu yeyote anaweza kuomba, yenye sababu wanapewa ndugu wa karibu na wenye haki ya kisheria, mpaka ipite miaka 50. Kwa kiwanja au akaunti mara nyingi ile isiyo na sababu inatosha, na kusema kweli mimi naona ni heshima kwa marehemu, siyo kila karani wa dirishani anahitaji kujua mzee wangu aliumwa nini. Pia wana kipengele cha namna ya kifo, cha kawaida, ajali, kujiua, kuuawa, au bado kinachunguzwa. Ukiona imeandikwa bado kinachunguzwa usishtuke, hurekebishwa baadaye na unaomba kopi mpya.

Mwana Kilosa
Asanteni sana wakuu, nesi ubarikiwe. Kesho naenda wilayani na tangazo. Swali la mwisho, jina la mzee kwenye tangazo ni Ramadhani na majina mawili, ila kwenye NIDA na akaunti ya benki ni Ramadhan bila "i" na majina matatu. Niache tu?

Karani Mstaafu
Usiache mkuu! Hapo ndo watu wanasumbuka mpaka mwaka mzima. Kabla hujakabidhi tangazo rudi kwa mtendaji arekebishe jina lifanane na NIDA herufi kwa herufi, akiweka na mhuri pale alipokata. Cheti kikishatoka na jina tofauti itabidi uende kwa wakili ukale kiapo kwamba hayo majina mawili ni ya mtu mmoja, na kuna ofisi zinakubali kiapo na kuna zitakazokwambia urudi ukarekebishe cheti chenyewe. Angalia na tarehe ya kifo, mzee alifariki usiku, hakikisheni kibali cha mazishi na tangazo vina tarehe moja, kama ilishavuka saa sita usiku basi ni tarehe inayofuata. Na ukipewa cheti kisome pale pale dirishani kabla hujatoka.

Nesi wa Zamu
Na umri pia mkumbushe mtendaji auchukue kwenye NIDA, asiukadirie.