Tamboo bamboo ya Trinidad: vipimo vya mianzi, na ngoma ziliendaje?

Mpigazumari: Wakuu, naomba vipimo vya tamboo bamboo, yaani mabomba ya mianzi yanayopigwa kama ngoma, kwa kikundi cha watu 8. Bomba refu linatoa mlio mkavu, halivumi. Halafu, ni kweli Watrinidad walichukua mianzi badala ya ngoma kwa sababu ya umaskini?

Fundi Pingili: Boom ndiyo besi: urefu mita 1.5 hivi, upana sentimita 12 au 13, inashikwa wima na kugongwa chini. Foule ni vipande viwili vya sentimita 30 hivi, vinagonganishwa ncha kwa ncha. Cutter ni nyembamba kuliko zote. Inalazwa begani na kupigwa kwa kijiti kigumu. Kwa watu 8 ningeweka boom 3, foule 3, cutter 2.

Kuhusu mlio mkavu, bila shaka mafundo ya ndani hayajatobolewa. Yatoboe yote kwa nondo ya moto, isipokuwa la chini kabisa. Hilo likipasuka, boom imekufa. Chini yake bakiza sentimita 2 au 3 za mwanzi ili kishindo kisilifikie. Gongeni kwenye udongo, saruji itaipasua. Sauti ikiwa nzito mno, punguza upande wa juu kidogo kidogo, maana ukishakata hakuna kurudisha.

Kalinda: Umaskini hauelezi kitu. Mapipa na ngozi za mbuzi vilikuwepo, ruhusa ndiyo iliyokosekana. Enzi za utumwa, miwa ikishika moto watumwa walikurupushwa usiku na mienge kwenda kuuzima. Baada ya watumwa kuachiwa huru kabisa mwaka 1838 waliigeuza hali hiyo kuwa maandamano yao, Canboulay, yenye ngoma, nyimbo na mapigano ya fimbo. Mwaka 1881 Kapteni Baker wa polisi alitaka kuyazima katika mji mkuu, Port of Spain, watu wakapambana naye. Sheria iliyobana ngoma na mienge ni ya 1884. Wengi huchanganya miaka hiyo miwili. Mianzi ikashika zamu ya ngoma hadi miaka ya 1930, makopo ya biskuti na ya rangi yalipoanza kuisukuma pembeni, kwa sababu bati lina kelele zaidi na halipasuki kirahisi.

Mpigazumari: Shukrani. Mianzi mibichi inafaa?

Fundi Pingili: Hapana. Chagua iliyokomaa, miaka 3 kwenda juu, ukate kiangazi. Michanga ina sukari nyingi, bungua wataimaliza. Ianike kivulini wiki kadhaa. Juani inapasuka kabla hata ya kugongwa.