Mjadala: Kampeni na mchezo wa mtandaoni vipewe alama moja au kila kimoja kihukumiwe peke yake?

Mtoa mada

Ndugu wadau, naomba tujadili jambo linalomgusa kila anayesoma maoni ya wahakiki kabla ya kutoa fedha yake kununua gemu. Gemu nyingi kubwa hubeba vitu viwili ndani ya diski moja: kampeni, ambayo mtu huicheza peke yake akiifuata hadithi hadi mwisho, na sehemu ya wachezaji wengi, ambayo huwakutanisha watu kupitia seva, yaani kompyuta za kampuni zinazowaunganisha wachezaji. Kwa miaka mingi wahakiki wamevijumlisha viwili hivyo na kutoa alama moja. Msimamo wangu ni kwamba alama hiyo inapotosha, kwa sababu kampeni ni kazi iliyokwisha kukamilika, ilhali mchezo wa mtandaoni ni huduma inayobadilika kila mwezi na ambayo siku moja itafungwa. Kila kimoja kihukumiwe kwa vipimo vyake, na hukumu ya mtandaoni iandikwe tarehe.

Chukueni mfano wa Titanfall 2, gemu ya vita iliyotoka Oktoba 28, 2016, wiki moja baada ya Battlefield 1 na wiki moja kabla ya Call of Duty: Infinite Warfare, ikabanwa katikati ya gemu hizo kubwa na isiuzwe kama ilivyotarajiwa. Ndani ya kampeni yake kuna hatua inayoitwa Effect and Cause, ambamo rubani Jack Cooper huvaa mkononi kifaa kinachomhamisha baina ya nyakati mbili za jengo lile lile. Wakati wa sasa jengo ni magofu yanayowaka moto na wanyama wakali wanazurura humo. Wakati uliopita ni maabara safi yenye taa na walinzi wenye bunduki. Mchezaji anaruka juu ya shimo ambalo upande wa pili hauna pa kukanyaga, na akiwa bado hewani anabonyeza kitufe, wakati unageuka, na ukuta ambao sekunde moja iliyopita haukuwapo unampokea miguuni. Atakayeicheza hatua hiyo leo ataipata vile vile ilivyokuwa siku ya kwanza, na mhakiki aliyeisifu mwaka 2016 amemwambia ukweli.

Sehemu ya mtandaoni ya gemu hiyo hiyo ilikuwa nzuri pia, lakini mwaka 2021 seva za Titanfall zilishambuliwa na wahalifu wa mtandaoni kiasi kwamba kwa vipindi virefu watu hawakuweza kucheza, na Desemba mwaka huo Titanfall ya kwanza, ambayo ilikuwa ya mtandaoni pekee, iliondolewa sokoni. Wahakiki wa mwanzo hawakukosea. Ila kijana aliyenunua miaka mitano baadaye kwa kuiamini alama yao alikuta jambo ambalo alama hiyo haikuweza kumweleza.

Mfano wa SimCity ya Machi 2013 ni mzito zaidi. Huo ni mchezo wa kujenga mji, kazi ambayo mtu huifanya peke yake usiku kucha, lakini uliundwa ili usichezeke bila kuunganishwa na seva. Tovuti ya Polygon iliupa alama 9.5 kati ya 10 kabla ya kutoka, wakati wahakiki walipokuwa wachache kwenye seva hizo. Ulipotoka, seva zilielemewa, na Polygon ikaishusha alama hadi 8, kisha 4, ndipo baadaye ikaipandisha hadi 6.5. Barabara, maji na umeme wa ule mji havikubadilika kwa kiasi hicho; kilichopanda na kushuka ni uwezo wa watu kuufikia. Kama hukumu zingekuwa mbili tangu mwanzo, msomaji angeelewa kipi kimeharibika.

Kuna pia GTA V, gemu ya uhalifu. Hadithi ya wahusika wake Michael, Franklin na Trevor ilitoka Septemba 17, 2013, na GTA Online, sehemu yake ya mtandaoni, ikafunguliwa Oktoba 1, majuma mawili baadaye, huku ikisumbuliwa na seva. Sifa kubwa ambazo gemu hiyo inazibeba mpaka leo zilitolewa kwa hadithi. Lakini kilichokuzwa mwaka hadi mwaka ni ule mtandao pamoja na fedha za mchezo zinazonunuliwa kwa fedha halisi, na nyongeza za hadithi hazikuja kamwe. Anayenunua leo kwa ajili ya GTA Online anatumia alama ambayo haikuwa ya kitu anachokinunua.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, hoja yako nimeielewa, lakini sikubaliani nayo. Bei ni moja. Hakuna duka litakaloniuzia nusu ya gemu kwa nusu ya bei, na kwa hiyo hukumu ya kile nilichokilipia lazima iwe ya kitu kizima. Ukiigawa alama, unawapa wachapishaji, yaani kampuni zinazotoa gemu, mlango wa kutokea. Call of Duty: Black Ops 4 ilitoka Oktoba 2018 bila kampeni ya mchezaji mmoja, ikauzwa dola 60 kama zile zilizoitangulia. Ukiihukumu kwa sehemu zake zilizopo pekee, inaonekana haina kasoro kubwa, na lile pengo halimgharimu mtu yeyote.

Tena hatari ipo hata upande wa pili. Spec Ops: The Line ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na studio ya Yager ya Berlin, ina moja ya hadithi nzito kabisa zilizowahi kuandikwa kuhusu askari na dhamiri yake. Mchapishaji alitaka iwe na sehemu ya wachezaji wengi, ikapewa studio nyingine kuitengeneza, na kiongozi wa ubunifu wa gemu hiyo, Cory Davis, alisema hadharani kwamba haikupaswa kuwapo. Fedha zilizoingia humo zingeweza kuingia kwenye hadithi. Alama moja humlazimisha mchapishaji ajibu kwa maamuzi yake yote, likiwamo la kulazimisha kisichotakiwa.

Mchangiaji wa pili

Habari zenu wakubwa. Mimi nina kibanda cha gemu, na nataka kusema kwamba nyote wawili mmeacha kitu nje. Mnaposema wachezaji wengi mnamaanisha seva. Kwangu wachezaji wengi ni vijana wawili kwenye benchi moja, pedi mbili, televisheni moja, na wengine nyuma yao wanasubiri aliyefungwa ainuke. Mpira wa FIFA, ambao tangu 2023 unaitwa EA Sports FC, kwangu unachezwa hivyo kuanzia asubuhi hadi ninapofunga. Nikisoma maoni ya wahakiki wa Ulaya na Marekani, nakuta wanajadili kwa kirefu Ultimate Team, sehemu ya kujenga timu kwa kadi za wachezaji, halafu mechi ya kawaida ya watu wawili, ambayo ndiyo inayoniingizia mkate, inapewa sentensi moja au haitajwi.

Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti ilizorota nchi nyingi za kwetu. Pedi zangu mbili ziliendelea kufanya kazi. Kwa hiyo nikiuliza gemu fulani ina wachezaji wengi, sitaki kujua habari za seva iliyoko mbali. Nataka kujua kama skrini inagawanyika. Halo 5, gemu ya risasi ya mwaka 2015, iliondoa kabisa uwezo huo, katika mfululizo ambao watu waliupenda kwa kukaa pamoja sebuleni, na Halo Infinite ikaahidi kampeni ya kucheza wawili kwa skrini iliyogawanywa, kisha mwaka 2022 ahadi hiyo ikafutwa. Kwa mtu kama mimi hilo ni jambo la kwanza kulijua, si la mwisho.

Mtoa mada

Nianze na ndugu mwenye kibanda, kwa sababu amenisogeza. Nakubali kwamba sehemu ni tatu na si mbili: anayecheza peke yake, wanaocheza chumba kimoja, na wanaokutana kupitia seva. Ya pili ina sifa muhimu ya ile ya kwanza, nayo ni kwamba haitegemei mtu wa mbali aendelee kulipia mitambo. GoldenEye 007 ya 1997 ilitiwa mchezo wa watu wanne mwishoni mwishoni mwa utengenezaji wake, na watu walioipenda wanaikumbuka kwa hao wanne kwenye televisheni moja kuliko kwa hadithi yake. Hili pia linampunguzia uzito ndugu mchangiaji wa kwanza: kilichoongezwa baadaye si lazima kiwe kibaya, kama ambavyo Spec Ops ingetufanya tuamini. Ndiyo maana kipimwe chenyewe.

Kuhusu bei, ndugu yangu, hoja yako ni nzuri lakini inathibitisha upande wangu. Katika jedwali lenye nafasi tatu, Black Ops 4 ingeandikwa wazi kwenye nafasi ya kampeni: haipo. Neno hilo linamfikia mnunuzi haraka kuliko alama ya jumla iliyopunguzwa kidogo, ambayo hatajua ilipunguzwa kwa nini. Tazama Call of Duty: Modern Warfare III ya Novemba 2023, ambayo tovuti ya IGN iliihakiki kampeni yake peke yake na kuipa 4 kati ya 10. Mtu asiye na bando la kutosha, ambaye kampeni ndiyo yote atakayoicheza, alijua la kufanya. Alama hiyo ingechanganywa na ya mtandaoni, 4 ile ingemezwa.

Gemu zisizogawanyika zipo, na sitazilazimisha. Katika Journey ya 2012 unatembea jangwani kuuelekea mlima, na mara unamwona mtu mwingine aliyevaa joho, binadamu halisi aliye nchi nyingine, ambaye huwezi kumwandikia wala kusema naye. Mnaitana kwa sauti moja tu na kuijaza nguvu mitandio yenu kwa kugusana. Humo mgeni huyo ndiye hadithi yenyewe. Gemu kama hizo ni chache, na mhakiki anayekutana nazo aseme hivyo na aeleze sababu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kundi jingine: gemu za kucheza peke yako ambazo zimefungwa kwenye seva kama mateka. The Crew ya Ubisoft, mchezo wa magari wa 2014, ulikuwa na hadithi yake na safari ndefu ya kuivuka Marekani ukiwa peke yako barabarani, lakini ulidai intaneti wakati wote. Machi 31, 2024 seva zilizimwa, na waliolipia wakabaki na diski isiyofungua chochote. Ni tukio hilo lililozaa vuguvugu la Stop Killing Games, linalodai gemu zilizolipiwa zisizimwe hivyo, ambalo katikati ya 2025 lilivuka saini milioni moja katika Umoja wa Ulaya.

Kwa hiyo naongeza sharti moja kwenye pendekezo langu: juu ya kila uhakiki, kabla ya alama yoyote, iandikwe kama kampeni inachezeka intaneti ikiwa imezimwa. Kulijua hilo ni kazi ya dakika chache, mhakiki anachomoa waya na kujaribu. Ningependa ndugu mchangiaji wa kwanza aniambie kama hata hilo analipinga, na wengine mnieleze hukumu ya sehemu ya mtandaoni irudiwe baada ya muda gani: miezi mitatu, mwaka, au kila inapobadilishwa kwa kiasi kikubwa?