Plasta imetolewa, kiwiko hakinyooki. Niende kwa mchuaji?

MamaMahamri (Majengo)
Asalaam aleikum jamani. Niliteleza ngazini nikavunjika mfupa wa mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko. Nimekaa na plasta wiki 6, juzi ikatolewa. Picha yaonyesha mfupa umeunga, lakini mkono wenyewe siutambui: umekonda, ngozi yabambuka, kiwiko kimeganda nusu. Kijiko hakifiki kinywani, na kukuna nazi ndiyo siwezi kabisa. Mamamkwe asema twende kwa mchuaji auvute mpaka unyooke. Naogopa, lakini mahamri ndiyo riziki yangu. Mfupa si umepona? Basi kinachozuia ni nini?

BintiMvita
Waaleikum salaam dadangu, pole sana. Kazi yangu ni fisiotherapia, yaani mazoezi ya viungo, na nakuomba usikubali kuvutwa.

Mfupa hausogei wenyewe. Msuli ndio unaouvuta, kwa kano zilizoshika mfupani. Na msuli hujua kuvuta tu, kusukuma haujui, ndiyo maana huwa na mwenzake upande wa pili. Shika mkono wako mzima juu ya kiwiko, kisha ukunje: nyama ya mbele yajaa na kuwa ngumu. Ukiunyoosha kwa nguvu, ya nyuma ndiyo hukaza, ya mbele ikalegea. Wiki 6 zote hizo misuli yako haikufanya kazi, ikapungua, na utando mnene unaozunguka kiungo kwa ndani ukakakamaa. Gegedu, ile nyororo inayofunika ncha za mifupa kiungoni, nayo haina mishipa ya damu, hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo huenea kiungo kikisogea.

Kiwiko kilichoumia kikivutwa kwa nguvu, mfupa waweza kuota ndani ya msuli. Hapo utapoteza hata hicho kidogo ulicho nacho. Kunja na kunyoosha mwenyewe, polepole, mpaka pale pa kukaza, si pa kulia. Mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Hospitalini omba upelekwe kwa mtu wa mazoezi ya viungo. Vidole vikifa ganzi, au mkono ukivimba na kuuma sana, rudi siku hiyo hiyo.

HamaliKongowea
Msikilize huyo, mama. Bega langu liliteguka nikarudi kwenye magunia mapema, likateguka tena. Bega, kikombe kinachokaa kichwa cha mfupa wake hakina kina, hushikwa zaidi na misuli na kano. Misuli ilikuwa bado dhaifu, nami sikujua.

MamaMahamri
Ahsanteni. Na kugeuza mahamri kwenye karai? Kiganja hakipinduki vizuri.

BintiMvita
Chini ya kiwiko kuna mifupa 2, na ukipindua kiganja mmoja hupita juu ya mwenzake. Bana kiwiko ubavuni, shika mwiko mtupu, upindue huku na huku. Mafuta ya moto yangoje, na unga akukandie mwanao kwa sasa.

MamaMahamri
Siku ya tisa leo. Kikombe cha chai kimefika kidevuni. Mamamkwe nimemsomea uzi wote, sasa ndiye anayenihesabia zile kumi.