Naomba ushauri: nahamisha masimulizi ya babu kutoka Word kwenda kihariri cha mtandaoni

Mjukuu_Mkubwa
Habari zenu wakuu. Tangu 2004 nimekuwa nikiandika masimulizi ya babu yetu, ambaye sasa ni marehemu. Nina mafaili 63, mengine .doc ya zamani, mengine .docx. Wadogo zangu wametawanyika, kila mmoja anasahihisha nakala yake na kunitumia kwa barua pepe. Sura moja ina nakala 5 na sijui ipi ndiyo yenyewe. Nataka tuandike wote mahali pamoja, kwenye Google Docs.

Jana nilijaribu sura ya 3. Kichwa kilichokuwa katikati kimekaa ovyo, neno la mwisho limeangukia mstari wa pili. Picha ya babu imefunika maneno yake mwenyewe. Jedwali la majina ya ukoo limetoka nje ya ukurasa. Nimeumia sana. Nianzie wapi?

Chapa_Taratibu
Pole sana mkuu. Kwanza rudufu folda nzima, weka kwenye diski ya nje, usiiguse tena.

Sasa fungua sura hiyo kwenye Word, bonyeza Ctrl+Shift+8. Utaona vidoti, kila kidoti ni pigo moja la kitufe cha nafasi. Kama kichwa kilisukumwa katikati kwa vidoti, lazima kihame: fonti isipopatikana huko huwekwa nyingine, na upana wa herufi haulingani. Futa vidoti vyote, kiweke katikati kwa amri yake, kisha kipe mtindo wa kichwa cha ngazi ya kwanza. Mitindo husafiri vizuri, na kule itakupa orodha ya sura pembeni. Mistari mitupu iliyorundikana iondoe kwa amri ya kutafuta na kubadilisha: tafuta ^p^p na uweke ^p (^p ni alama ya mwisho wa aya), urudie mpaka iishe.

Bi_Tanbihi
Picha, ndugu yangu, ipange iwe ndani ya mstari wa maandishi kabla ya kuhamisha, isiwe ya kuelea. Ukitaka picha zenyewe, chukua nakala ya .docx, badilisha mwisho wa jina uwe .zip, ifungue: zimo kwenye folda ya word, ndani yake media. Jedwali liambie lienee upana wa ukurasa.

Na tafadhali usikubali masahihisho ya wadogo zako kwa mkupuo ili faili lionekane safi. Yale yaliyofuatiliwa na Word (Track Changes) hugeuka kuwa mapendekezo kule Google Docs, nawe utaona nani alitaka kubadilisha nini. Kwa maneno ya marehemu hilo ni jambo kubwa.

Mlinda_Folda
Naongeza moja linalowaponza wengi. Kupakia si kugeuza. Kwenye Google Docs, ukiona alama ya .DOCX kando ya jina, hilo bado ni faili la Word. Nenda menyu ya Faili, chagua kulihifadhi kama Google Docs. Litazaliwa faili la pili na la kwanza litabaki palepale, kwa hiyo lihamishie kwenye folda ya peke yake, la sivyo nusu ya ndugu wataandika huku na nusu kule. Faili lenye nywila litoe nywila kwanza. Usiunganishe yote 63 kuwa moja: faili la kugeuzwa lisizidi MB 50, na hati moja mwisho wake ni herufi milioni 1.02.

Mjukuu_Mkubwa
Asanteni sana. Nimehesabu vidoti 31 kwenye kichwa kimoja! Sura ya 3 imekaa sawa, picha iko chini ya aya yake. Yale ya .doc je?

Chapa_Taratibu
Yafungue kwenye Word, yahifadhi kama .docx, uyakague, ndipo uyapakie. Anza na sura fupi.

Mjukuu_Mkubwa
Naanza na ya 1. Mdogo wangu wa mwisho yumo tayari, anasahihisha jina la mama yake babu.