Mrejesho: mimba iliyotunga nje ya kizazi, mrija umekatwa

Habari zenu wapendwa. Niliuliza kama mimba ikitunga kwenye mrija wa uzazi ni lazima mrija ukatwe, au unaweza kuchanwa, mimba ikatolewa na mrija ukabaki. Nimeshafanyiwa upasuaji, naendelea vizuri.

Wamekata wa kulia. Daktari alinieleza kabla sijasaini: kama wa kushoto ni mzima, kuubakiza huu hakuongezi sana nafasi ya kushika mimba. Utafiti uliotoka 2014 ulilinganisha wanawake wa hali kama yangu. Waliobakiziwa mrija, kama 61 kwa 100 walipata mimba tena bila kusaidiwa; waliokatwa, 56. Kitakwimu tofauti hiyo haikuwa na uzito. Ila waliobakiziwa, 7 kwa 100 walibaki na chembe za mimba, ndiyo maana ukichagua njia hiyo unapimwa homoni ya mimba (hCG) kila wiki mpaka iishe. Mrija wa pili ukiwa mbovu, hesabu inageuka, hapo kubakiza kuna maana.

Sindano ya methotreksati mliyoitaja, ile ya kuzuia mimba isiendelee kukua bila upasuaji, haikunifaa, mapigo ya moyo yalishaonekana kwenye picha.

Dada uliyesema niombe operesheni ya matundu madogo badala ya kupasuliwa tumbo, ubarikiwe! Wifi yangu mrija ulipasuka, damu ikajaa tumboni, wakampasua tumbo haraka. Alilala wodini siku nyingi kuliko mimi.

Halafu wenye damu hasi, ulizieni anti-D, sindano ya kulinda mimba zijazo. Mimi ni O hasi, nilichomwa kabla ya kuruhusiwa.